Mwasumini Uliongoja Mvua ya Unguja

Leo mdogo wangu wa mwisho kaniuliza masika ni nini, nikashindwa kumjibu papo hapo. Si kwamba sijui. Tulikuwa tumesimama uwanjani kwa marehemu Bibi, hapa Ibra, Omani, jua la alasiri linatuchoma visogoni, na mbele yetu mwasumini umekauka kuanzia ncha mpaka shina. Yeye ameshika simu mkono mmoja na mkasi mkubwa wa bustani mkono wa pili.

"Dada, hii mti imekufa," aliniambia. "Nikate?"

Nikamwambia asubiri masika. Ndipo alipouliza.

Usimcheke. Kazaliwa hapa, kasoma kwa Kiarabu, na Kiswahili chake amekiokota jikoni kwa mama yetu, neno moja leo, jingine wiki ijayo. Nyumba hii sasa ni yake. Ndugu wote tumekubaliana, kwa kuwa ndiye pekee aliye tayari kurudi kuishi Ibra na mkewe, na sisi wengine Maskati imeshatumeza. Anataka uwanja wote usakafiwe, magari yapate pa kukaa. Hana kosa hata kidogo. Mimi ndiye niliyekuja kutoka Maskati nikijua kila kitu kimeshaamuliwa, nikajikuta nimemnyang'anya mkasi.

Basi nikae hapa kizingitini nikusimulie wewe, maana yeye ana haraka.

Nilipokuwa mtoto, nje ya geti hili ilikuwa Ibra: mitende, punda wawili watatu waliobaki, maji ya falaj yakipita kwenye mfereji wake nyuma ya ukuta, sauti za wanaume wakisalimiana na kuulizana habari mpaka unadhani hawataachana leo. Ndani ya geti ilikuwa Unguja. Tena Unguja ya zamani, ile aliyoiacha Bibi na watoto wake mkononi, na hakutaka kusikia kwamba imebadilika. Kiarabu kilivuliwa mlangoni pamoja na viatu. Ukiingia bila shikamoo unarudishwa uingie upya, hata ukiwa na homa.

Asubuhi nyumba ilinukia iliki na mkate wa kumimina. Mchana ilinukia papa. Papa mkavu aliletwa na muuza samaki kutoka Sur, na Bibi akimpika kwa nazi, harufu ilikaa kwenye sare zetu za shule mpaka Jumamosi. Jirani yetu, mwanamke wa hapahapa Ibra aliyekuwa na meza yake ya viungo kwenye soko la wanawake la Jumatano, alikuwa akipita getini akiziba pua kwa mtandio. Baada ya Adhuhuri alirudi na bakuli tupu mkononi. Hakuna aliyemuuliza amefuata nini.

Na jioni, miezi ya joto, uwanja ulinukia asumini. Hapo ndipo ninapokwama kila nikitaka kuisimulia nyumba hii. Ile harufu siwezi kukupa. Nimenunua manukato ya kila aina nikiitafuta, na chupa zote zimenidanganya.

Mwasumini wenyewe ulitoka kwa mama yake Bibi, uwanja wa nyumba yao Unguja. Dada yake Bibi, aliyebaki huko wakati wengine wanaondoka, alikata kijiti, akakifunga kwa kitambaa kibichi, akakitia ndani ya chupa ya chai na kumpa msafiri. Sisi wajukuu tulimwita Bibi wa Unguja, ingawa hatukuwahi kumwona. Kijiti kikapandwa pembeni ya tangi la maji, kikatambaa juu ya chanja ya fito za mtende aliyoijenga baba, mpaka kikageuka paa. Alasiri Bibi alitupanga mstari, tuchume zile zilizofumba tu, maana asumini iliyokwisha kufunguka haina kazi. Kisha alikaa mkekani na sindano, akatunga vikuba: asumini, majani ya rehani katikati, na tone la marashi ya Jabal Akhdar kwa sababu mlangilangi hapa haupatikani. Kimoja kifuani kwake, kimoja kwa mama, kimoja kwa jirani, na vile vidogo vyetu sisi wasichana. Tulilala navyo kwenye mito ya kulalia. Asubuhi vimekuwa rangi ya chai, lakini bado vinanukia.

Sasa baridi. Watu wanadhani hapa kwetu ni jua mwaka mzima. Waje walale Ibra wakati wa baridi, wataona upepo unavyopita chini ya mlango. Mwasumini uliuchukia. Majani yalianza kupiga manjano, yakadondoka, matawi yakabaki kama kamba zilizosahauliwa juani. Na Bibi, badala ya kuubembeleza, aliufungia maji. Hata tone. Alisema mti umelala, na anayemmwagia maji aliyelala hamtakii mema.

Mpaka hapo hapakuwa na ajabu, hata wakulima wa hapa huipumzisha miti yao. Kituko kilikuwa wakati wa kuuamsha. Jirani yetu, baridi ikipungua tu, aliparura udongo, akatia samadi, akafungulia maji, na baada ya muda mfupi bustani yake yote ilikuwa kijani. Bibi alimsikiliza ng'ambo ya ukuta na kutikisa kichwa. Mwasumini wake ni wa Unguja, alisema, na mti wa Unguja huamshwa na masika. Masika yakianza kule, ndipo maji yatamwagwa huku. Siku hiyohiyo. Si kabla.

Utauliza alijuaje. Alipigiwa simu.

Simu ilikuwa sebuleni, juu ya kijimeza, imefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe kama vile nayo inaona baridi. Bibi wa Unguja hakuwa na simu nyumbani. Mvua kubwa ya kwanza ikipiga, alijitanda kanga akaenda nyumba ya jirani yake wa kule, mwalimu wa chuo cha Kurani, akaomba kupiga Omani. Sisi huku tukisikia Bibi anasema, "Dada, shikamoo," tunaacha kila kitu, tunakimbilia sebuleni.

"Zimeanza?" Bibi aliuliza.

Sauti ya kule ilikuwa kubwa kiasi kwamba simu haikuhitajika. "Zimeanza! Tangu alfajiri! Bati linapiga kelele hata sikusikii! Ngoja, ngoja nikusikilizishe!"

Na alikuwa akiutoa mkono wa simu dirishani. Bibi alisikiliza amefumba macho. Kisha alitupa kila mmoja wetu zamu, kuanzia mkubwa hadi mdogo, tukabana sikio kwenye simu tukaisikia mvua ya Unguja ikipiga bati. Nje kwetu jua linawaka, mbuzi wa jirani wanatweta kivulini. Nimeshaona mvua nyingi tangu hapo, hata ya mafuriko ya kubeba magari. Ile ya kwenye simu ndiyo ninayoiita mvua.

"Leteni ndoo," Bibi alisema. Tukamwaga maji mpaka uwanja ukawa matope, na jirani akachungulia kucheka. Alikuwa ameshajifunza maneno yake machache ya Kiswahili, na msimu huo alikuwa nalo moja kila akipita: "Ha, mama! Mvua Zinjibar?" Bibi akamjibu, "Bado," au siku ile, "Zimeanza!" Na jirani akaingia ndani kunywa kahawa ya kuipongeza mvua asiyoweza kuiona.

Mimi nilikuwa na kazi yangu. Macho ya Bibi yaliingia ukungu mapema, na hakuna kitu kilichomuudhi kama kuongozwa mkono. Lakini kwa mwasumini alinihitaji. Kila asubuhi kabla ya shule nilichagua tawi, nikakwaruza gome kwa ukucha. Tawi lililo hai lina ubichi chini ya gome, mwembamba kama uzi. Lililokufa ni unga tu.

"Bichi au kavu?" aliuliza kutoka jikoni.

"Kavu, Bibi."

"Basi kesho."

Hakunilaumu, wala hakunitaka nimfurahishe. Siku ya kupata tawi bichi nilipiga ukelele, naye akaniita jikoni akanipa kipande cha kwanza cha mkate, kile cha pembeni kilichokauka vizuri, ambacho kwa kawaida kilikuwa cha baba.

Mwaka ninaotaka kukusimulia ni ule ambao Bibi wa Unguja alikuwa aje.

Walikuwa wameachana wanawake vijana, na sasa wote wawili meno yanahesabika. Mara hii haikuwezekana, mara ile mmoja mgonjwa, mara nyingine mwingine hataki kupanda ndege. Safari hii yule dada mkubwa alikubali. Alisema kwenye simu, wakati wa baridi, kwamba ataisubiri mvua ya kwanza ndiyo aondoke, kwa kuwa hajawahi kuikosa maishani mwake na hataki kuanza uzeeni. Bibi alicheka mpaka akakaa chini. "Njoo," alisema, "nikuvishe kikuba cha asumini ya mama."

Chumba cha nyuma kikatolewa magunia ya tende, kikapakwa chokaa. Godoro jipya likaja na nailoni yake, na Bibi akatukataza kuitoa mpaka mgeni afike aitoe mwenyewe. Doti ya kanga ikakaa juu yake haijafunguliwa mkunjo. Bibi akaanza kutupima vinywa: mnaposema naye msichanganye, msimtie Kiarabu, ataona nimewalea vibaya. Mama alimwambia atatuchosha watoto na maneno. Bibi hakumsikia, au alijifanya.

Mimi niliingojea asumini kuliko wote. Nilikuwa nimejiwekea kichwani kwamba Bibi wa Unguja hawezi kuja uwanja ukiwa mkavu. Kwamba maua yakitoka, atatoka na yeye. Mtoto akishaamua jambo hakuna wa kumtoa.

Baridi ikapungua. Jirani akaparura udongo wake, akafungulia maji. Asubuhi nikakwaruza. Kavu, Bibi. Basi kesho. Joto likaanza kuingia, tukatoa mablanketi juani tukayakunja. Kavu, Bibi. Basi kesho. Jirani akawa anapita: "Ha, mama! Mvua Zinjibar?" Bado. Wakulima wakapanda mitende kuichavusha. Viroboto wakaanza. Nilihama kutoka matawi membamba nikaenda manene, kisha shinani, na ukucha wangu ukawa mweusi wa vumbi la gome. Kila mahali unga.

Simu haikulia.

Mama alisema kwa upole mti utiwe maji, umengoja vya kutosha. Bibi alikataa. Baba akasema atapiga yeye nyumba ya mwalimu aulize. Hapo Bibi alipandisha sauti, jambo asilokuwa nalo: "Usimpigie! Mvua haiulizwi. Zikianza atasema. Yupo anafunga mizigo, mwacheni afunge mizigo yake."

Baba akakirudisha kitambaa juu ya simu. Leo nayafahamu yale mazungumzo ya chini chini baina yake na mama, na kwa nini alikuwa akirudi kutoka kazini na uso ule. Watu wa kule Unguja walikuwa wameshampigia ofisini. Hawakutaka simu ya sebuleni, wakiogopa atakayeipokea ni Bibi. Bibi wa Unguja alikuwa kitandani, na hawakusema kwamba atainuka.

Halafu ikafika siku ambayo jirani alipita getini bila kuuliza mvua. Alisalimia, akatazama chini, akaenda zake. Bibi alibaki na neno lake mdomoni. Nilimwona. Aligeuza uso kule hatua zilikoishia, kisha akaniambia nikatazame kama wali unaungua. Hatukuwa tumepika wali.

Baba alikuja alasiri, mapema kuliko kawaida, na hakuvua kofia. Bibi alikuwa mkekani chini ya chanja, ambayo haikuwa na kivuli tena, imebaki fito tupu na zile kamba. Baba alikaa sakafuni mbele yake, akamshika mikono yote miwili. Sijawahi kumwona akifanya hivyo.

"Mama," alisema. "Dada yako katutangulia."

Bibi alisema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, taratibu, mpaka mwisho, bila sauti kutetemeka. Kisha akauliza, "Na mvua? Zimeanza?"

Baba alinitazama mimi, sijui kwa nini mimi.

"Zimeanza, Mama. Zimeanza siku nyingi. Wamemzika mvua inanyesha."

Bibi aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu la jambo la kawaida. "Leteni ndoo," alisema.

Tulileta. Alizimwaga mwenyewe, anapapasa shina kwa mguu apate pa kulenga, na nusu ya maji yakaingia kwenye kanga yake. Mama alitaka kumshika, baba akamzuia. Wanawake wa mtaa walipoanza kuingia kwa tanzia, na jirani mbele yao amekwisha kulia njiani, walimkuta miguu imejaa tope.

Nilimwaga maji kila siku baada ya hapo, bila kuambiwa. Nilikwaruza kila asubuhi na nikasema kwa sauti, "Kavu, Bibi." Lakini swali halikuja tena kutoka jikoni, na jibu langu likawa linaanguka pale uwanjani halina wa kuliokota. Watu wazima walisema mti umekufa. Jirani alisema khalas, ung'olewe. Mimi nikakataa, na nadhani waliniacha kwa kunionea huruma.

Joto lenyewe, lile la Ibra la kukausha mate mdomoni, lilipofika, nikakuta kwenye udongo, pembeni kabisa ya shina, kichipukizi chekundu kisichozidi kucha yangu. Sikupiga ukelele mara moja. Niliogopa. Nilikigusa kwanza. Kisha nikakimbia jikoni, napiga kelele hata kabla sijafika: "Bichi! Bibi, bichi!"

Alikuwa anachagua mchele kwa kupapasa. "Alhamdulillahi," alisema. Na akaendelea kuchagua mchele.

Nilisimama pale nangoja kipande cha mkate. Hapakuwa na mkate. Ndipo nilipofahamu, na iliniuma kama nimepigwa, kwamba hatukuwa tukingojea maua hata siku moja.

Yalitoka, mwisho wa joto, machache. Nilipoanza kuyachuma Bibi aliniambia niyaache. Yakafunguka usiku, yakadondoka alfajiri, nikayafagia pamoja na makokwa ya tende. Jioni harufu ikija, Bibi aliingia ndani na kufunga dirisha. Hakutunga kikuba tena mpaka Mungu alipomchukua, wala hakuna aliyemwomba. Sindano yake ilikaa kwenye mkeka, imechomekwa pembeni, ikapata kutu. Lile godoro akaja kulilalia mdogo wangu huyu alipozaliwa, na mama ndiye aliyeitoa nailoni.

Mwasumini uliendelea. Mama aliumwagilia kama watu wengine wanavyomwagilia, kwa msimu wa hapa, na ulikuwa ukitoa vizuri tu. Kisha mama naye akazeeka, tukamhamishia Maskati. Falaj nyuma ya ukuta ilikauka. Mfereji upo, watoto wanachezea baiskeli ndani yake. Jirani kafa, na nyumba yake ina kufuli. Soko la Jumatano bado lipo, nimepita leo asubuhi, lakini sikumkuta hata mmoja wa kumwambia ninatoka nyumba ipi. Mwalimu wa chuo wa kule Unguja sijui hata jina lake. Nikitaka kujua kama masika yameanza hakuna nyumba ninayoweza kupiga simu.

Hayo ndiyo niliyotaka kumjibu mdogo wangu, na nilichomwambia ni kifupi tu: masika ni mvua, ile kubwa, ya kwetu.

Akachezea simu yake, akanionyesha. Kulikuwa na jina la Zanzibar, na wingu, na matone chini yake. "Ndiyo hii?" aliuliza. "Leo iko mvua nyingi."

"Ndiyo hiyo," nikasema. Nilitafuta ndoo.

Tangi halina kitu, tukafungulia bomba la jikoni. Nilimwaga. Udongo ulikuwa mgumu, maji yakakaa juu muda mrefu kabla hayajakubali kuingia. Mdogo wangu alivua viatu asivichafue, akachuchumaa, na kwa kuwa ni mtu mwema hakuniuliza ninafanya nini. Nikamwonyesha namna ya kukwaruza. Akachagua tawi, akakwaruza kwa ukucha wake msafi wa mtu wa ofisini, na swali likanitoka kabla sijalizuia.

"Bichi au kavu?"

Alitazama kidole chake. Kilikuwa na unga wa rangi ya kahawa. Akakipangusa kwenye kanzu yake nyeupe ya dishdasha, akasahau.

"Kavu, Dada."

"Basi kesho," nikasema.

Alisimama, akanitazama kwa huruma. "Kesho mafundi wa sakafu wanakuja, Dada. Asubuhi."

"Najua," nikamwambia, na nikaenda kujaza ndoo ya pili.